Anti, nilitafsiri nusu ya sentensi ya mama yangu, sasa iko kwenye bango Marekani

Shikamoo anti,

Naomba usitaje jina langu wala kijiji, sema tu niko huku kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, upande wa Babati, kwenye ile njia ambayo tembo wanakatiza wakitoka hifadhi moja kwenda nyingine. Nina miaka 26, nilimaliza form six nikaenda Arusha kusomea kuongoza watalii, ada ikakata katikati nikarudi nyumbani. Ila Kiingereza kilibaki, na hicho ndo kimenipa mchongo ninaotaka kukueleza.

Kila mwaka mwezi wa 6 kuna chuo kimoja cha Marekani kinaleta wanafunzi wake huku, ni kozi yao ya likizo, wiki 4, wanasoma wanyamapori na utalii endelevu. Mwanzoni wanazunguka Tarangire kuhesabu tembo mtoni na kujifunza kumtambua twiga mmoja mmoja kwa mabaka yake, wanaenda Manyara, wanaenda Ngorongoro, halafu wiki 2 za mwisho wanaingia vijijini kuhoji watu. Hapo ndo naingia mimi. Mwaka huu utakuwa wa 4 nikiwa mkalimani wao, wananipa elfu 60 kwa siku, na hiyo hela ndo inayomlipia mdogo wangu wa kike ada ya uuguzi. Sina kingine cha maana ukiacha vibarua vya mpunga Magugu.

Wale vijana sio wabaya anti, nataka hilo ulielewe. Mwaka jana binti mmoja aliomba akalale na mama yangu dunguni, shambani. Saa 8 usiku tembo wakaja 6, mama akapiga debe, akawasha tochi, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, wakaondoka lakini walikuwa wameshapita katikati. Asubuhi mahindi eka 2 yamelala chini utafikiri limepita greda, magunzi yametafunwa, mengine wamekanyaga tu. Yule binti akakaa chini akalia, na mama ndo akawa anambembeleza, anampa chai. Fomu ya kifuta jasho, ile hela ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, tulijaza kwa mtendaji, bado tunasubiri.

Tatizo ni mimi. Lilianza mwaka wa kwanza kwa mzee mmoja jirani yetu. Dodoso lao lina maswali 42, mengi ni ya namba, yaani kuanzia 1 mpaka 5 unakubali kiasi gani kwamba tembo wana faida kwa kaya yako. Mzee akaniangalia akaniambia kwa Kimbugwe, lugha yetu ya huku, muulize huyu mtoto, kwao tembo akila chakula cha mwaka mzima huwa wanampa namba? Mimi nikaona aibu, wageni wamekaa kwenye mkeka wa watu, prof yuko pembeni anatabasamu, nikasema kwa Kiingereza kwamba mzee anasema tembo ni changamoto lakini wana umuhimu wao, labda 3. Wakaandika 3. Kuanzia siku hiyo nikazoea. Mtu akifoka nalainisha, akitukana naruka, akinyamaza kabisa najaza mimi kwa kukisia, na wote walikuwa wanaondoka wamefurahi, wageni na wenyeji.

Sasa mwezi wa 2 prof akanitumia WhatsApp picha ya bango la wanafunzi, lile walilolionyesha chuoni kwao. Juu kabisa kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza, limeandikwa SICHUKII TEMBO, chini yake mama mkulima, miaka 54. Na pembeni kuna mchoro kwamba watu wengi wa vijiji vyetu wana mtazamo mzuri juu ya wanyama.

Huyo mama mkulima ni mama yangu. Alihojiwa siku 2 tu baada ya ule usiku. Na alichosema ni hiki, nakumbuka kila neno: "Mimi sichukii tembo, ninachochukia ni kwamba tembo ana mwenyewe na mahindi yangu hayana mwenyewe." Mimi nikatafsiri mpaka kwenye koma.

Haijaishia hapo. Mwezi uliopita kwenye mkutano wa kijiji wazee wamesema hakuna dodoso tena, kwa sababu miaka yote hii wamehojiwa na hakuna siku hata moja mtu amerudi kusema tuligundua nini. Na tena wanakuja mwezi wa 6, watu wanakesha kulinda mavuno, saa 3 asubuhi ndo wamejilaza unasikia hodi. Wiki hii prof kaandika kwamba wanakuja 18, wanataka kaya 60, nianze kupanga. Wazee wananiambia wewe ndo mlango wao, wafungie. Nikimwambia prof ukweli wa tafsiri nakosa kazi na mdogo wangu anakatishwa masomo mwaka wa mwisho. Nisipomwambia, naenda kudanganya kaya nyingine 60. Mama hajui kuhusu lile bango. Nifanyeje anti?

Mkalimani, Babati

———

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara 3, na hapo kwenye koma nimekaa muda mrefu. Kabla sijaanza kuandika safu hii niliwahi kuwa karani wa dodoso, nilizunguka vijiji vya Kondoa na Dodoma na karatasi chini ya kwapa, kwa hiyo hiyo aibu unayoisema naijua. Mtu mzima amekupa kigoda akae yeye chini, amekasirika, na aliyekutuma amesimama pale anasubiri jibu zuri. Unatamani wote wawe na amani. Lakini ile amani uliyokuwa unaitengeneza ililipiwa na watu waliokuwa wanasema kitu na hakifiki, na hilo lazima lirekebishwe kabla gari halijaja. Mengine yote, wazee, kaya 60, ada, tutayapanga baada ya hapo.

Mwambie prof. Mwambie sasa hivi akiwa bado kwao, usisubiri mwezi wa 6 mkiwa mmekaa mezani kambini. Kwa nini sasa, kwa sababu sasa bado ana muda wa kubadilisha dodoso, kutafuta mkalimani wa pili, kuwaandaa wale vijana 18. Ukimwambia akiwa ameshafika utakuwa umempa mzigo bila nafasi ya kuutua. Andika kwa ufupi: kwamba kwenye mahojiano ya miaka iliyopita ulilainisha majibu makali, kwamba pale watu walipokaa kimya namba nyingine ulijaza wewe, kwamba hukufanya kwa hila bali kwa aibu na kutojua, na kwamba uko tayari kukaa naye kupitia kaya kwa kaya kumwonyesha unazozikumbuka. Halafu umwekee sentensi ya mama yako yote, kwa Kiingereza, bila kukata.

Sitakudanganya kwamba hakuna hatari, anaweza akakasirika, anaweza akatafuta mtu mwingine. Lakini fikiria upande wake pia. Yeye ni mtu wa utafiti, data ikiwa imeoza anataka kujua imeoza wapi, na mtu pekee duniani anayeweza kumwonyesha ni wewe. Na kusema kweli kosa sio lako peke yako. Mtu anayekuja kuhoji Wambugwe kwa dodoso la Kiingereza, na mkalimani mmoja ambaye hajafundishwa hata siku moja, na maswali ya namba ambayo mzee hajawahi kuulizwa na mtu maisha yake yote, huyo naye alitakiwa ajiulize kwa nini majibu yanatoka matamu hivyo. Dodoso linatafsiriwa kwanza kwa maandishi, mtu wa pili ambaye hajaona la mwanzo analirudisha kwenye Kiingereza, mnalinganisha, ndo mnaingia nalo kijijini. Kazi ya siku chache tu hiyo. Hiyo mwambie pia, kwa heshima.

Na wewe kuanzia sasa kanuni yako iwe moja: mtu akisema "mimi", na wewe sema "mimi". Achana na "anasema kwamba". Ukisema "anasema kwamba" tayari umeshakaa katikati na unaanza kupunguza chumvi. Mzee akiuliza kama kwao tembo wanapewa namba, wewe geuka umtazame yule binti umuulize kwa Kiingereza, je kwenu tembo akila chakula cha mwaka mzima mnampa namba? Hapo ndo mahojiano yangeanza. Yule binti angelazimika kujibu, mzee angemsikia, na pengine wangejifunza kuliko maswali yote 42. Mtu akinyamaza, sema amenyamaza. Na pale mtu anaporuhusu, warekodi sauti, muandike kwanza maneno yake kwa Kimbugwe au Kiswahili kama yalivyotoka, halafu ndo mtafsiri jioni kwa utulivu.

Sasa wazee. Wazee wako sahihi, na usiende kuwabembeleza walegeze. Wanachodai kina majina makubwa huko duniani. Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, ambao watafiti wamewahoji na kuwapiga picha vizazi na vizazi, mwezi wa 3 mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe kwa mtafiti yeyote anayetaka kuja kwao, wanadai heshima, uaminifu, haki, kujali na kufuata utaratibu. Moja ya malalamiko yao ni hilohilo la kwenu, kwamba watu wanakuja wanachukua hawarudi. Kwa hiyo kijiji chenu hakifanyi ukorofi wowote. Na hapa kwetu mgeni anayefanya utafiti anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, wa wanyamapori anapitia pia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori pale Arusha, halafu anashuka na barua kutoka mkoani na wilayani mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Wazee wana haki kabisa ya kuomba kuziona hizo barua na kuuliza je hii ni kozi ya kujifunza tu au ni utafiti utakaochapishwa, maana hivyo ni vitu viwili. Na hata barua zikiwepo zote, mwenye nyumba akisema leo sitaki kuhojiwa, basi.

Wewe wameshakuita mlango, mimi nakushauri usiufunge ila usiufungue mwenyewe. Mpeleke prof kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa kufanyika kila miezi 3, kwa hiyo mwombe mwenyekiti mmoja uangukie wiki ile wanayofika, au waitishe wa dharura. Na siku hiyo wasije na swali hata moja. Waje na majibu. Wafungue miaka yao yote 3 waseme, tulihoji kaya kadhaa, tuliwaelewa hivi, na baadhi tumegundua hatukuwaelewa. Kwa Kiswahili, na wewe au mwingine aseme kwa Kimbugwe kwa ajili ya wazee. Watu wasimame wakosoe palepale. Kijiji kikishasikia hayo ndo kiamue kama kaya 60 zipo, au 20, au hakuna. Kikisema hakuna, prof apokee, wanafunzi wana mengine mengi ya kujifunza huko mbugani.

Na muda. Huo mwezi wa 6 siwezi kuupita hivihivi kwa sababu umenikera. Mtu amekesha kwenye dungu, hajapiga mswaki, umemwekea kiti umuulize 1 mpaka 5. Mahojiano yaanze saa 10 jioni, watu wameamka, wamekula, kabla hawajarudi kulinda. Kama ratiba ya kozi haiwezi kusubiri saa 10 basi hiyo kozi haijifunzi utalii endelevu, manake kuendelea kwa jambo ni pamoja na mwenyeji kupata usingizi.

Hivi wale vijana wanajua tembo wa nchi hii wamepitia nini? Waambieni. Mwaka 2009 nchi hii ilikuwa na tembo kama 109,000, sensa ya 2014 ikakuta wamebaki kama 43,000, majangili walikuwa wamewamaliza. Ujangili ukapigwa vita ukashuka, tembo wakaanza kurudi, na hao tembo wanaorudi wanakula wapi mvua ikinyesha? Tarangire mtoni wanakaa kiangazi, masika wanatawanyika nje ya hifadhi, na huko nje ndo kwa mama yako. Kwa hiyo ile furaha ya mgeni anayepiga picha kundi la tembo 200 chini ya mbuyu, sehemu ya gharama yake mama yako aliilipa eka 2 usiku mmoja. Kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011 ziliweka kati ya sh 25,000 na 100,000 kwa eka, kutegemea shamba liko mbali kiasi gani na mpaka wa hifadhi, na mwisho eka 5. Serikali yenyewe inakiita kifuta jasho, haisemi fidia. Weka hiyo hesabu mbele ya wanafunzi 18 halafu wakokotoe gunia ngapi zilikuwa kwenye zile eka 2 na bei ya sokoni Magugu. Hilo somo la utalii endelevu halihitaji hata dodoso.

Na kama wanataka kuacha kitu, wasilete peremende na penseli za kugawa shuleni, nakuomba sana. Wana miaka 3 ya taarifa za tembo walipita wapi na lini. Wachore ramani kubwa ya kijiji, kila shamba lililovamiwa lipigwe alama na tarehe, ichapwe kwenye turubai ibandikwe ofisi ya kijiji. Mtendaji akiandika maombi ya kifuta jasho ana ushahidi, na nyie mnajua korongo lipi mlilinde kwanza. Nguvu zao pia zina kazi. Uzio wa pilipili ni kamba ya katani na vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga, vijana 18 kwa siku 2 wanazungushia mashamba kadhaa, na wakishika pilipili kwa mikono yao wataelewa kwa nini inabidi kupaka upya kila mvua ikinyesha na kwa nini mama mwenye watoto 5 anashindwa. Mizinga ya nyuki nayo inafaa pale mnapoweza kuitunza. Kule Sagalla, jirani na Tsavo Kenya, mtafiti Lucy King na wakulima wameining'iniza kwenye waya kuzunguka mashamba, mzinga kila baada ya mita 10, tembo akigusa waya nyuki wanachafuka, wengi wanageuza. Na asali ni ya mkulima. Ila mzinga unataka maji na mtu wa kuuangalia mwaka mzima, kozi ya wiki 4 ikiwaachia mizinga bila mtu itakuwa makazi ya mchwa, kwa hiyo hapo msiwakubalie mpaka mjue nani atabaki nayo.

Kuhusu ada ya mdogo wako. Piga hesabu leo ya kilichobaki mpaka amalize, usiibebe kichwani tu. Mwambie naye ukweli, ni mtu mzima, anaweza kwenda kuongea na chuo kuhusu kulipa kwa awamu kabla deni halijafika. Na kwa prof usiombe huruma. Akikubali kuendelea na wewe, mwombe mkalimani wa pili, ikiwezekana dada, kwa sababu kuna mambo akina mama hawayasemi mbele ya kijana wa kijiji, hasa kijana mwenyewe akiwa mtoto wa jirani. Najua hela mtagawana. Lakini mkiwa 2 kila mmoja anamsahihisha mwenzake, na ule mzigo wa kulinda amani peke yako unakutoka mabegani.

Nimebakiza mama yako, na huyu ndo wa kwanza kwa mpangilio ingawa nimemweka mwisho. Maneno ni yake. Kabla hujamtumia prof chochote, leo jioni kabla hajaenda shambani kaa naye, mwonyeshe lile bango kwenye simu. Mweleze limeandikwa nini na ulikata wapi. Akikasirika, mwache akasirike, usijitetee. Halafu mwambie ile sentensi yake umeiandika sasa nzima kwa Kiingereza, msomee, mfafanulie neno kwa neno, hasa hilo la "mwenyewe", maana Kiingereza chake ni kigumu na yeye ndo anajua alimaanisha mwenye mali au mwenye kumtetea. Arekebishe anapotaka. Muulize kama anakubali iende, na kama anataka lile bango libadilishwe au liondolewe kabisa. Atakachosema ndo unaandika, chote, halafu unatuma.

Anti